Boti ya Futi Kumi na Mbili

Machi 4
Mitchelle, mke wangu, anasema siku hizi nikinyoa ndevu naongea peke yangu, na kwamba afadhali niandike kabla majirani hawajaanza kunionea huruma. Basi naandika nyuma ya daftari la vipimo vya kazini. Mbele kuna matangi ya maji na bampa za magari. Nyuma nitaweka haya yangu.

Haya yangu ni boti. Nyumbani kwetu Budalangi, mto Nzoia ukifura maji huja hadi mlangoni. Mwaka juzi yalifika dirishani. Familia ilihamia kambini, baba akaugua huko chini ya turubai, akafa. Tulimzika nyumbani maji yalipopungua, na tangu siku hiyo mama amekataa katakata kuhama, hata mto uje umwamkie kitandani. Nilimleta hapa Huruma, Nairobi, akae nasi. Tunaishi ghorofa ya nne. Baada ya wiki tatu aliniambia nimemtundika kama nguo, akataka arudishwe kwake.

Kwa hivyo kama mama hahami, nitampelekea cha kumwokoa. Mimi ni fundi wa faiba hapa Kariobangi Light. Nikishindwa kutengeneza boti moja ya watu wetu, basi miaka hii kumi na moja nimenusa gundi ya resini bure.

Machi 6
Nimemweleza Kimeu, mwenye karakana. Kimeu ni mzee wa kutoka Ukambani, alianza kwa kuchonga vinyago, na mpaka leo yeye ndiye anayechonga umbo la mti ambalo tunalitolea moldi, ile kalibu ya kutandazia faiba. Alinisikiliza huku akinoa patasi. Kisha akasema boti ya kwetu iwe ya jeti. Nikamwambia asinitanie, sisi si watalii.

"Sikutanii," akasema. "Kwenu maji yakipanda, chini kuna nini?"

Nikamtajia: mahindi, mafunjo, ua wa seng'enge wa jirani.

"Ndiyo hiyo. Propela itajisokota kwa seng'enge mara moja, mkae hapo katikati. Jeti inavuta maji chini na kuyarusha nyuma. Haina kitu cha kunaswa, na inapita hata maji ya magoti."

Anamjua mtu Mtwapa mwenye injini ya pikipiki ya majini, kuukuu lakini nzima. Iliyobaki, akasema, ni ukubwa. Jeti haipendi kukisiwa. Boti ikiwa kubwa kuliko injini, inajikokota. Ikiwa ndogo kuliko watu, inakaa matako na kunywa maji. "Nenda uniletee watu," akasema, "ndio nikupe futi."

Machi 9
Nimempigia Wakoli, mdogo wangu. Yeye ndiye anayekaa nyumbani na mama. Nikamwuliza mko wangapi.

Akasema: "Bro, si unajua watu hawahesabiwi."

Najua. Kwetu mtu hataji idadi ya watoto wake wala ng'ombe wake, maana wakihesabiwa mmoja atapungua. Karani wa sensa alipokuja nikiwa mdogo, baba alimtajia majina yetu moja moja, akamwacha ajumlishe mwenyewe akiwa barabarani. Mimi siamini, lakini hata mimi nikiulizwa nina watoto wangapi hapa Nairobi, mdomo unakuwa mzito.

"Sasa nitapimaje boti?" nikamwuliza.

"Tutaona."

Huyo ndiye Wakoli. Paa likivuja, tutaona. Tuta la mto likianza kumomonyoka, tutaona. Nilikata simu nikiwa nimekasirika, na nimeshinda nimekasirika.

Machi 10
Jumapili. Mama amepiga mwenyewe baada ya kanisa. Nilimwambia sitaki idadi, anitajie tu majina ya watu wa kupanda, nami nitafanya hesabu zangu huku. Hilo alilikubali. Akataja polepole, nami nikaandika:

Wakoli. Triza, mke wake. Makokha. Nekesa. Mtoto mchanga, ambaye bado hawajakubaliana jina.

"Ni hao," akasema.

Nikamwuliza kama kuna mnene kati yao. Akacheka, akasema Triza amejaza kidogo tangu ajifungue, lakini nisiandike hivyo. Nimeandika. Sauti yake ilikuwa nzuri leo.

Machi 11
Kimeu alichora futi kumi na mbili kwa chaki sakafuni, kisha kumi na sita. Ile ya kumi na sita ingebeba ukoo mzima, lakini moldi hatuna. Ingebidi achonge umbo jipya, wiki sita au zaidi, na injini ya Mtwapa isingeitosha. Moldi ya kumi na mbili ipo, tuliitengenezea mtu wa bwawa la samaki. Watu wazima wawili, watoto wawili na mchanga: inatosha na nafasi kidogo inabaki. Nikasema kumi na mbili. Nimerudi nyumbani nikiwa na raha ambayo sijaisikia tangu tumzike baba.

Machi 15
Mvua imeanza.

Machi 19
Mvua. Resini haikauki. Kitambaa cha faiba tulichobandika juzi bado kinanata kidoleni.

Machi 22
Mvua. Kimeu ameleta jiko la makaa, tumeliweka karibu na moldi, tunalilinda kama mgonjwa. Wakoli ameandika kwamba mto bado uko chini ya tuta. Nikamwuliza uko chini kiasi gani. Akajibu, "Kiasi."

Machi 27
Injini imefika kutoka Mtwapa, imefungwa kwa magunia. Inaguruma vizuri. Mitchelle alikuja kuiona, akauliza kama ni hiyo ndogo hivyo itakayomwokoa mama mkwe wake. Nikamwambia ukubwa si kitu. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili.

Aprili 2
Mvua.

Aprili 5
Wakoli amesema maji yameingia shamba la chini. Nikamwambia basi wahame sasa, wakae kwa shangazi yetu huko juu. Akasema mama amekataa, na yeye hawezi kumwacha peke yake. Nikamwambia ambebe kwa nguvu. "Wewe ndiye mkubwa," akaniambia, "kuja umbebe." Sina hamu ya kuongea na mtu huyu mpaka boti iishe.

Aprili 9
Tumeitoa kwenye moldi. Ni nzuri, nyeupe, haina hata kovu. Kimeu aliipapasa tumboni kuanzia mbele hadi nyuma akiwa amefumba macho. Nilijivuna, na sioni haya kusema.

Aprili 14
Leo tumeijaribu. Nyuma ya Komarock kuna shimo la zamani la mawe ambalo limejaa maji ya mvua, na Jumapili hakuna watu. Tulikwenda mimi na Kimeu na pikapu ya kukodi.

Kimeu hataki kujaribu boti tupu. Alikuwa amejaza mifuko ya mchanga, akaipima kila mmoja kwa mtu wake, na kwa kuwa anajua mambo yetu ya kutohesabu, aliandika majina kwa chaki. Mfuko wa Triza. Mfuko wa Makokha. Mfuko mdogo wa Nekesa, na mdogo kabisa umeandikwa Mchanga, akacheka mwenyewe. Mimi nilikaa nyuma kwenye usukani badala ya Wakoli. Nikavuta gesi. Boti iliinua pua, ikatulia, ikapaa juu ya maji. Nilizunguka shimo lote mara tatu. Nilipiga kelele peke yangu huko kati, mtu mzima mwenye watoto.

Niliporudi ukingoni Kimeu hakuwa akicheka tena. Alikuwa anaitazama mifuko.

"Wabwire," akasema, "mama yako ni mfuko upi?"

Nilitazama mifuko. Nilisoma majina yote, nikarudi nikayasoma tena. Nilitoa daftari hili mfukoni, nikafungua ukurasa wa Machi 10, na hapo pia hayupo. Mwezi mzima nimetengeneza boti ya mama na mama hayumo. Ningeuliza idadi kama mtu mwingine yeyote, ningepewa idadi na yeye angekuwa ndani yake. Niliuliza majina, na mwenye kutaja hakujitaja.

Nilimwambia Kimeu mama ni mwembamba, atajibana mbele na mtoto mapajani. Kimeu hakubishana. Alijaza mfuko mwingine kwa koleo, si mzito, akaandika Mama, akauweka mbele. Nikavuta gesi. Injini ilinguruma, pua ikainuka na ikabaki huko huko juu, nyuma ikazama, na maji yakaanza kuniingia miguuni. Niliondoa mfuko mmoja wa mtoto, boti ikapaa. Niliurudisha, ikazama. Nilifanya hivyo mara nne, mpaka Kimeu akanishika mkono.

"Ni injini," akasema. "Au ni futi. Ni kitu kimoja."

Tuliipakia boti kwenye pikapu, tukarudi.

Aprili 15
Nimempigia mama.

"Mbona hukujitaja?"

"Wewe uliniuliza nani wa kupanda."

"Na wewe je?"

"Mimi ndiye nilikuwa nakutajia."

Nikamwambia nitaanza upya, nitatengeneza ya futi kumi na sita. Akauliza itachukua muda gani. Nikamwambia. Akasema mwanangu, maji yako kwenye migomba, lete hiyo uliyo nayo, Wakoli atawapeleka watoto kisha arudi kunichukua mimi. Alisema kama mtu anayepanga nani atangulie kuoga.

Kutoka kwetu hadi barabara ya juu ni dakika nne kwa jeti. Nne kwenda, nne kurudi. Dakika nimezihesabu, hizo hazina mwiko.

Kisha nikampigia Wakoli. Nikamwambia mama apande safari ya kwanza, hiyo ni amri.

"Sawa," akasema. "Nimshushe nani?"

Nilifungua daftari, nikayasoma majina yale moja moja. Alingoja, kisha akasema taratibu kwamba mtoto anamlilia, ataongea nami kesho.

Aprili 17
Kimeu aliniuliza mara moja tu: tupeleke au tungoje? Nikasema tupeleke. Tumeipakia kwenye lori la mtu anayekwenda Busia. Jina la boti hatukuandika. Kimeu ameingiza koti mbili za kujiokolea, ndizo zilizopatikana.

Aprili 19
Imefika. Wakoli ametuma picha: watoto wamekaa ndani yake uani, kwenye matope, na mama amesimama kando ameshika ukingo. Amevaa kitambaa cha kanisani.

Aprili 21
Wakoli amejifunza kuiendesha kwa siku mbili. Nilidhani itamchukua mwezi.

Aprili 24
Hapa Huruma mto wa Mathare umeacha njia yake. Kutoka dirishani tuliona mabati yakipita, na kabati, na watu wa mabondeni wakipanda ngazi zetu na magodoro kichwani. Kuna mama mmoja na wanawe wako sebuleni kwetu, Mitchelle amewapikia. Nimempigia Wakoli mara sita. Laini imekufa.

Aprili 25
Laini imekufa.

Aprili 26
Amepiga saa tano asubuhi kwa simu ya mtu mwingine. Nitaandika alivyosema.

Tuta lilipasuka jana wakati wa kunywa chai. Maji hayakupanda polepole kama siku zote, yalikuja kwa upana. Alipata nafasi ya kumpakia Triza na watoto. Alimwambia mama apande, kwamba hata boti ikienda polepole itaenda. Mama akapanda. Nyuma ikazama, maji yakaingia, Nekesa akaanza kulia. Mama akashuka. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni. Alimwambia, "Peleka watoto. Uji uko jikoni juu ya dari, nitakunywa nikikungoja." Kisha akaisukuma boti mwenyewe.

Wakoli alienda, akawashusha, akarudi akiwa peke yake, na boti ikiwa tupu ilikuwa inaruka. Anasema hata dakika nne hazikuisha. Jikoni hapakuwepo. Nyumba kubwa ilikuwa imeegemea upande mmoja. Alizunguka akiita mpaka mafuta yakaisha, akaazima mengine, akarudi, na kurudi tena mara ya tatu, mpaka watu wakamfungia boti kwa kamba asiende.

"Nilikuwa na dakika zako kichwani," aliniambia. "Nilikuwa nazihesabu."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Nilifungua mdomo, nikalia tu, naye akalia, na simu ya watu ikaisha pesa.

Aprili 28
Wamempata. Alikuwa kwenye migomba ya jirani, si mbali.

Mei 4
Tumemzika kanisani, kwenye kilima, maana kwetu bado ni ziwa. Alikataa kuhama ili asimwache baba, na sasa baba yuko chini ya maji na yeye yuko huku juu na watu asiowajua. Wazee waliniuliza kama tungoje maji yashuke. Mimi ndiye mkubwa, ilibidi niseme. Nikasema tusingoje.

Wakoli hakusimama karibu na kaburi. Alikaa kule chini, ndani ya boti, kwenye ukingo wa maji. Tangu juma lililopita amekuwa akiwatoa watu wa kijiji kizima, wawili wawili, na wananiambia ndugu yako halali. Nilishuka nikakaa naye. Huyu ndiye niliyemwita mtu wa tutaona. Ameishi na mto huo mlangoni miaka yote, hakuna alichoweza kuahidi, na hakutaka kuniongopea. Mimi wa mbali ndiye niliyekuwa na majibu.

Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyepima."

"Najua," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisogea, nikapata nafasi ya kukaa vizuri.

Mei 14
Nimerudi kazini. Mvua bado ipo lakini imechoka. Kimeu hakuniambia pole ya maneno. Nilimkuta ana gogo refu katikati ya karakana, anachonga.

"La nani hilo?" nikamwuliza.

"La kina Wakoli. Kumi na sita. Maji yatarudi mwakani."

Nilimwambia hapakuwa na haja ya kuanza bila kuniuliza. Nikamwambia mengine mabaya ambayo siyaandiki. Aliniacha nimalize, akanipa randa, tukafanya kazi mpaka saa kumi.

Mei 20
Mvua kidogo asubuhi.

Mei 29
Triza amepiga. Mtoto amepewa jina. Ni msichana, nami sikuwa najua hata hilo, sikuwahi kuuliza. Ni Asenath, jina la mama. Nilimwambia vizuri. Siku nzima sikuweza kula.

Juni 18
Jua. Leo amekuja dada mmoja wa Eastleigh, anaitwa Habon. Yeye na mumewe, Mohamednur, wanauza vitambaa, lakini mwezi ujao wanahamia kwao upande wa Garissa kumtunza mama mkwe, na mto Tana nao ulivunja kingo mwaka huu. Amesikia kuhusu jeti. Anataka ndogo, ya familia. Aliiona moldi ya kumi na mbili imeegemea ukuta, akasema hiyo inatosha.

Nikafungua daftari hili upande wa mbele, nikamwambia mimi siulizi idadi, anitajie majina. Hakushangaa. Akasema nyanya yake pia hakuwa akihesabu watu. Akataja mumewe. Akataja mama mkwe, kwamba ni mzito na miguu yake ni mibovu. Akataja watoto mmoja mmoja, na kila mmoja akanieleza kidogo: huyu haogopi maji, huyu anaogopa. Kimeu aliacha kupiga randa.

"Ni hao," Habon akasema.

Nilimaliza kuandika jina la mwisho.

"Na wewe, dada," nikamwuliza, "utakaa wapi?"

Alicheka. Kisha akainama akasoma orodha, na kicheko kikaisha. "Mimi?" akasema. "Mimi nitapata tu pahali."

Nikamwambia humo hakuna pahali pa kupata tu. Nikaandika Habon juu kabisa, kabla ya mumewe, nikamwomba Kimeu ampime, kisha nikaenda nyuma ya matangi nikamlilia mama.